Sura ya Tisa: Moyo wa Mkimbiaji

Yeyote aendaye Kasulu kutoka Ziwa Tanganyika hana budi kupanda. Miji ya Kigoma na Ujiji imekaa kando ya ziwa, karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu iko juu zaidi, katika vilima vya nchi ya Waha, na njia zake hazidumu tambarare kwa muda mrefu. Siku ya soko utawaona watu wakisukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi kupanda kilima. Wafikapo juu husimama na kuegemea baiskeli, wala hawaitikii salamu upesi. Si kwamba wamekosa adabu. Pumzi ya kusemea hawana, na moyo unawaenda mbio.

Bila shaka nawe umepata kupanda kilima na ndoo ya maji kichwani, au kukimbia baada ya kusikia kengele ya shule ukiwa bado njiani. Ulipofika uliusikia moyo ukigonga kifuani. Katika sura hii tutaupima moyo huo, na tutapima mambo mawili. La kwanza ni idadi ya mapigo katika dakika moja. La pili ni jambo ambalo hata watu wazima wengi hawalijui, nalo ni mwanya wa muda ulio baina ya pigo moja na pigo linalofuata. Je, mianya hiyo hulingana?

Kazi ya moyo

Moyo ni msuli wenye nafasi ndani yake, na ukubwa wake hukaribia ukubwa wa ngumi ya mwenyewe. Una vyumba vinne. Msuli huo ujikazapo, damu husukumwa kutoka moyoni na kuingia katika ateri, nazo ateri hutanuka kidogo kwa kila msukumo. Mtanuko huo ndio tunaousikia tunapoweka vidole kwenye kifundo cha mkono.

Damu huipelekea misuli oksijeni na chakula, na huondoa hewa ya kaboni dayoksaidi pamoja na joto. Miguu inapopanda kilima, misuli yake huhitaji oksijeni nyingi kuliko inapopumzika. Kwa hiyo moyo hupiga upesi zaidi, na kwa kila pigo husukuma damu nyingi zaidi.

Saa ya uzi na jiwe

Si kila darasa lina saa yenye mshale wa sekunde. Hilo lisituzuie. Mwanzoni mwa miaka ya 1600, tabibu wa Italia aliyeitwa Santorio alipima mapigo ya wagonjwa wake kwa uzi uliofungwa kitu kizito. Aliurefusha uzi au kuufupisha mpaka mwendo wa kile kitu ukalingana na mapigo ya mgonjwa, kisha akapima urefu wa uzi. Sisi tutautumia uzi kwa njia nyingine, yaani kuhesabia muda.

Vifaa: uzi imara usiovutika, jiwe dogo, rula, na msumari uliopigiliwa mahali palipo juu.

Funga jiwe kwenye uzi, kisha uuning'inize msumarini. Urefu kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe uwe sentimita 99. Livute jiwe kando kwa kadiri ya upana wa kiganja, kisha uliachie bila kulisukuma. Jiwe litakwenda na kurudi. Safari hiyo ya kwenda na kurudi tutaiita bembeo moja. Bembeo moja la uzi huu huchukua sekunde 2, kwa hiyo mabembeo 30 ni dakika moja.

Badilisha jiwe, ufunge jingine lililo zito zaidi, lakini urefu wa uzi uache uleule. Je, muda wa bembeo umebadilika? Sasa fupisha uzi uwe nusu, ujaribu tena. Andika uliyoyaona.

Jaribio la 1: Mapigo wakati wa kupumzika

Fanyeni kazi watatu watatu. Mwanafunzi wa kwanza atalala chali juu ya mkeka kivulini na kutulia kwa dakika 5. Asizungumze wala asichekeshwe, maana kicheko hubadilisha mapigo. Wa pili atapima. Wa tatu atatunza muda kwa saa ya jiwe.

Mpimaji aweke ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo cha mkono, upande wa kiganja, chini ya shina la kidole gumba. Asibonyeze kwa nguvu. Asitumie kidole gumba chake, kwa sababu kidole hicho kina pigo lake linalosikika, na anaweza kujihesabu mwenyewe badala ya mwenzake. Mtunza muda aseme "Anza", kisha baada ya mabembeo 30 aseme "Basi". Rudieni mara tatu, na muandike hesabu zote tatu.

Watoto wa umri wenu wakipumzika, mara nyingi hupata mapigo kati ya 70 na 110 kwa dakika. Watu wazima wengi hupata kati ya 60 na 100. Wakimbiaji wa mbio ndefu waliofanya mazoezi kwa miaka mingi huweza kupata chini ya 50, na wengine hukaribia 40, nao ni wazima kabisa. Moyo uliozoea kazi husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hauna haja ya kupiga mara nyingi mwenye moyo akiwa amelala.

Ikiwa hesabu zenu tatu hazikulingana, msifute yoyote. Mtaona sababu katika jaribio linalofuata.

Jaribio la 2: Mianya baina ya mapigo

Mwanafunzi wa kwanza aendelee kulala. Mpimaji ashike pigo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili agonge penseli kwenye ubao mara moja kwa kila pigo analolisikia. Asijaribu kugonga kwa mahadhi mazuri kama mpiga ngoma. Agonge pale tu vidole vinaposikia.

Mtunza muda amwongoze aliyelala kupumua polepole. Avute pumzi kwa mabembeo 2, kisha aitoe kwa mabembeo 3. Asiizuie pumzi. Wafanye hivyo kwa dakika moja, yaani pumzi 6. Akisikia kizunguzungu, aache na apumue kama kawaida yake.

Wengine wote wafumbe macho na kusikiliza penseli. Katika makundi mengi mtasikia kwamba migongo ya penseli hukaribiana kadiri hewa inavyoingia, na huachana kadiri hewa inavyotoka. Tukiweka nukta moja kwa kila pigo, mstari wetu utafanana na huu:

•    •   •  •  •   •    •     •    •   •  •  •   •    •     •

Hapa nitawaeleza jambo lililonipata mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu wa sekondari katika vilima hivi vya Kasulu, niliwaambia wanafunzi wangu kwamba moyo mzima hupiga sawasawa kama saa ya ukutani. Nililisema kwa sauti ya mtu ajuaye. Kisha nikawapa kazi ya kupimana. Msichana mmoja, mkimbiaji hodari wa shule, alisimama akasema, "Mwalimu, wa kwangu hauendi hivyo. Unaharakisha, halafu unachelewa." Nilimwambia ahesabu tena kwa uangalifu. Wenzake wa kundi, kwa kutaka kazi yao ilingane na maneno yangu, walifuta alichoandika wakaandika nambari zilizo sawa.

Kesho yake msichana yule hakuja uwanjani. Wala siku iliyofuata. Mashindano ya shule yalikuwa karibu, nasi tukadhani ana kiburi. Kumbe alikuwa akilala usiku ameshika kifundo cha mkono, akiamini kwamba moyo wake ni mbovu na kwamba akikimbia atakufa. Alipokwenda zahanati, mganga alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akamwambia avute pumzi na kuitoa polepole, akasikiliza tena. Kisha akamweleza kwamba moyo wake unafuata pumzi, na kwamba ndivyo ifanyavyo mioyo ya vijana wengi walio wazima. Alirudi shuleni akanieleza mbele ya darasa, kwa adabu, nami nikasahihisha maneno yangu ubaoni. Kosa lilikuwa langu mimi, wala si la moyo wake. Na daftari la kundi lake, lile lililofutwa, ndilo lililokuwa na ukweli.

Kwa nini mianya haifanani

Katika chumba cha juu cha kulia cha moyo kuna sehemu ndogo inayoanzisha kila pigo. Kama sehemu hiyo ingeachwa peke yake, moyo wa mtu mzima ungepiga karibu mara 100 kwa dakika. Lakini haiachwi peke yake. Mishipa ya fahamu itokayo kwenye ubongo na uti wa mgongo huiongoza. Ipo inayouhimiza moyo uende upesi, na upo mshipa wa fahamu unaoutuliza.

Fikiri juu ya mtu anayeteremka kilima kwa baiskeli. Mkono wake uko kwenye breki muda wote. Akilegeza kidogo, baiskeli huongeza mwendo. Akibana kidogo, hupunguza. Mtu anapopumzika, mshipa wa kutuliza ndio breki iliyobanwa. Anapovuta pumzi, breki hiyo hulegea kidogo na mianya baina ya mapigo hufupika. Anapotoa pumzi, breki hubana tena na mianya hurefuka. Katika watoto na katika wanamichezo wengi tofauti hiyo ni kubwa na husikika hata kwa vidole. Kadiri mtu anavyozeeka, hupungua. Mkimpima babu au bibi nyumbani huenda msiisikie, na hilo peke yake lisiwatie hofu.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwingereza Stephen Hales aliandika mwaka 1733 juu ya mapigo na pumzi ya farasi, na mwaka 1847 Mjerumani Carl Ludwig alichora mabadiliko hayo kwa chombo alichokibuni. Hata hivyo, vyombo vya kupima umeme mdogo wa moyo wa binadamu kwa usahihi vilikuja baadaye, kwa kazi ya Willem Einthoven wa Uholanzi, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Siku hizi kuna mikanda ya kifuani ambayo mkimbiaji huivaa uwanjani ili kupima mianya hiyo.

Jaribio la 3: Mapigo baada ya mbio

Kabla ya kuanza, mwalimu aulize nani ana homa, nani huumwa kifua, nani ana ugonjwa wa moyo, pumu au selimundu, na nani aliwahi kuzimia akikimbia. Hao watatunza muda na kuandika, na kazi yao ni kubwa kama ya wakimbiaji. Asicheke mtu. Mkimbiaji akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mara moja, akae, na mwalimu aarifiwe.

Mwanafunzi wa kwanza akimbie kuzunguka uwanja kwa mabembeo 60, yaani dakika 2. Mara tu anaposimama, mpimaji ashike pigo na kuhesabu kwa mabembeo 5 tu, yaani sekunde 10, kisha azidishe kwa 6. Tusihesabu dakika nzima, kwa sababu moyo huanza kupunguza mwendo mara mtu asimamapo, na hesabu ya dakika nzima ingetudanganya. Pimeni tena baada ya dakika 1, dakika 2 na dakika 5.

Huu ni mfano wa kufanyia hesabu:

Kabla ya mbio: mapigo 84 kwa dakika
Mara baada ya mbio: 27 kwa sekunde 10, yaani 162 kwa dakika
Baada ya dakika 1: 22 kwa sekunde 10, yaani 132 kwa dakika
Baada ya dakika 2: 19 kwa sekunde 10, yaani 114 kwa dakika
Baada ya dakika 5: 16 kwa sekunde 10, yaani 96 kwa dakika

Chora grafu ya mfano huu, kisha uchore ya kundi lenu kando yake.

Sasa sikilizeni penseli kama mlivyofanya mwanzo. Mara baada ya mbio, nukta zitakuwa hivi:

• • • • • • • • • • • • • • • • • • • • • • •

Mianya imekuwa mifupi, na yote karibu sawa. Huu ndio moyo unaofanana na saa ya ukutani, ule niliowaambia wanafunzi wangu kuwa ni wa kawaida. Kumbe ni moyo ulio kazini. Breki imeachiwa, mishipa ya kuhimiza imeshika usukani, na pumzi haina tena nguvu kubwa ya kuirefusha au kuifupisha mianya. Mtu akipumzika, breki hurudi kidogokidogo, na tofauti ya mianya hurudi pamoja nayo. Baada ya kazi nzito sana tofauti hiyo huweza kuchelewa kurudi, hata kama mwenyewe amekwisha acha kuhema.

Kupima kwa mashine

Vidole na penseli husaidia, lakini haviwezi kuonyesha tofauti ndogo. Mashine huigawa sekunde moja katika sehemu 1000. Tuchukue mfano wa mianya 6 iliyofuatana ya mtu mmoja, kwa sehemu hizo:

Akipumzika: 800, 770, 730, 760, 840, 900
Baada ya mbio: 402, 400, 398, 399, 400, 401

Mianya ya kupumzika ukiijumlisha ni 4800, na wastani wake ni 800. Dakika moja ina sehemu 60,000. Ukigawa kwa 800 unapata mapigo 75. Mwanya mrefu kuliko yote ni 900 na mfupi ni 730, kwa hiyo tofauti ni 170. Mianya ya baada ya mbio ukiijumlisha ni 2400, wastani 400, mapigo 150. Mwanya mrefu ni 402 na mfupi ni 398. Tofauti ni 4 tu. Wataalamu wana njia nyingine za kuhesabu zilizo bora kuliko hii, na hupima mianya mingi zaidi, lakini zote huanzia kwenye mianya kama hiyo.

Mwanamichezo hutumiaje vipimo hivi

Watanzania wamepata kukimbia mbele ya dunia nzima. Mwaka 1968 John Stephen Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki katika Jiji la Mexico, lililo karibu mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo kila pumzi humletea mtu oksijeni pungufu na moyo hulazimika kupiga zaidi. Aliumia mguu njiani, lakini aliimaliza mbio. Mwaka 1974 Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwezi Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Aliyemfuata alipewa muda huohuo, maana walipishana kwa sehemu 3 za mia za sekunde moja.

Mtu hawezi kufika huko kwa kujichosha kila siku. Misuli hujengeka wakati wa kupumzika baada ya kazi. Kwa hiyo wakimbiaji wengi wa siku hizi hupima moyo asubuhi, kabla ya kuondoka kitandani, kila siku kwa namna ileile. Ikiwa kwa siku kadhaa mapigo ya mtu yamezidi kawaida yake, na tofauti ya mianya imepungua chini ya kawaida yake, huenda hajapumzika vya kutosha, au hakulala vizuri, au ugonjwa unamnyemelea. Mwalimu wake wa mbio humpunguzia kazi. Angalieni neno hilo, kawaida yake. Kipimo cha mtu hulinganishwa na vipimo vyake mwenyewe vya siku zilizopita. Mkishindana darasani nani ana mapigo machache, mtacheza tu, hamtajifunza kitu.

Tena, si kila tofauti ya mianya ni njema. Ikiwa mapigo yanarukaruka ovyo bila kufuata pumzi, na mtu anasikia kizunguzungu, anazimia au anaumwa kifua, basi aende zahanati. Vidole vya mwanafunzi haviwezi kuamua jambo hilo.

Mazoezi

1. Kwa nini hatupimi pigo kwa kidole gumba?

2. Saa ya jiwe imefanya mabembeo 15. Zimepita sekunde ngapi? Ikiwa mpimaji amehesabu mapigo 21 katika muda huo, ni mapigo mangapi kwa dakika?

3. Moyo wa mwanafunzi mmoja hupiga mara 80 kwa dakika akipumzika, na wa mkimbiaji mmoja mara 50. Katika saa moja ya kupumzika, moyo wa mwanafunzi hupiga mara ngapi zaidi?

4. Mianya 5 iliyofuatana ni 600, 580, 620, 640 na 560. Tafuta wastani, mapigo kwa dakika, na tofauti ya mwanya mrefu na mfupi.

5. Katika mbio za mwaka 1968, mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Walipishana kwa muda gani?

6. Mwenzako amelala mkekani, nawe unasikia mapigo yake yakiharakisha na kuchelewa. Utamwagiza afanye nini ili ujue kama mapigo yanafuata pumzi?

7. Pima mapigo yako asubuhi kwa siku 7, kabla ya kuinuka kitandani. Andika kila siku hesabu uliyoipata, saa ulizolala, na kazi uliyofanya jana yake. Siku utakayosahau, iache wazi. Leta daftari lako darasani siku ya nane.